Mali bila daftari: Mwongozo kwa dijei anayeanzisha biashara yake

MSIMU wa harusi uwadiapo, hasa mwezi wa Agosti na Desemba, ni nadra kupita Jumamosi mtaani au kijijini bila kusikia mdundo wa spika ukitoka katika hema la sherehe. Nyuma ya mdundo huo aghalabu huwa kijana mmoja au wawili walioamka alfajiri kupakia vyombo kwenye pikapu, na ambao watarejea nyumbani usiku wa manane baada ya wageni wote kwenda zao. Huyo ndiye dijei wa kuhamahama: mcheza santuri asiyeajiriwa na klabu wala kituo cha redio, bali hubeba vyombo vyake mwenyewe hadi pale alipoitwa.

Kazi hii huwavutia vijana kwa kuwa haidai shahada wala ofisi. Anayependa muziki, mwenye sikio jema na adabu mbele ya watu, anaweza kuijifunza kwa kumfuata dijei mzoefu, akianza kwa kubeba spika na kukunja nyaya. Hata hivyo, si wachache wanaoianza kwa vishindo na kuiacha baada ya misimu miwili, vyombo vikiwa vimechakaa na mfuko ukiwa mtupu. Tatizo mara nyingi si ukosefu wa kipaji. Ni kwamba mhusika hakuwahi kujua kila sherehe ilikuwa ikimgharimu pesa ngapi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Makala haya yanafafanua vyombo vinavyohitajika, hesabu ya gharama, mikataba na sheria ambazo dijei hana budi kuzifahamu kabla ya kupokea arubuni yake ya kwanza.

Ilikotoka kazi hii

Mtindo wa kusafirisha vyombo vya muziki hadi waliko wachezaji si mgeni duniani. Mjini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1950, wenye vyombo walikuwa wakipakia spika kubwa kwenye malori na kupiga santuri katika viwanja vya mitaa ya watu wa mapato ya chini. Mzaliwa wa kisiwa hicho aliyehamia Marekani, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki katika tafrija ya Agosti 11, 1973 mtaani Bronx, New York, ambayo hutajwa kuwa chimbuko la hip hop.

Enzi hizo chombo cha kazi kilikuwa mashine mbili za kuchezea santuri. Aina ya Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1972, ilipendwa na madijei kote ulimwenguni. Aliyekuwa na makasha mengi ya santuri ndiye aliyepata kazi, kwa kuwa santuri zilikuwa ghali na baadhi yake zilipatikana ng'ambo tu.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka wa 2000. Programu za tarakilishi kama vile VirtualDJ, iliyotolewa mwaka wa 2003, na Serato Scratch Live, iliyofuata mwaka wa 2004, zilimwezesha dijei kuhifadhi maelfu ya nyimbo katika kipakatalishi kimoja. Mlango uliokuwa mwembamba ukafunguka. Lakini uliwafungukia wote. Leo yeyote mwenye kipakatalishi anaweza kujiita dijei, na ushindani huo umewafanya wengi kushusha bei bila kujali kama bei hiyo inatosha hata mafuta ya gari.

Vyombo vya kuanzia

Anayeanza hahitaji ukuta wa spika. Seti ya kutosha sherehe ya watu mia moja hadi mia mbili ni kipakatalishi, kidhibiti cha kuchanganyia nyimbo, miksa ndogo, spika mbili zenye amplifaya ndani yake, stendi mbili, hedifoni, na maikrofoni mbili, mojawapo ikiwa ya waya. Ile isiyo na waya ni nzuri kwa mfawidhi anayezunguka hemani, lakini betri zake huisha wakati mzee wa ukoo ndiyo kwanza anaanza nasaha zake.

Maikrofoni si pambo. Katika harusi, ruracio au mchango, muziki ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni hotuba, maombi na matangazo. Wageni watasamehe wimbo usiowapendeza, lakini hawatasamehe kutosikia maneno ya wazazi wa bibi harusi. Dijei mwenye busara hujaribu kipaza sauti kabla ya wimbo wa kwanza, na hupunguza muziki mara tu mtu anaposimama kunena.

Aidha, ni muhimu kuelewa tabia ya sauti kabla ya kutumia pesa. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, mathalani kutoka wati 500 hadi wati 1,000, huongeza desibeli tatu pekee, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Ili msikilizaji ahisi kwamba sauti imeongezeka maradufu, huhitajika takriban desibeli kumi, yaani nguvu mara kumi. Kwa upande mwingine, kila umbali unapoongezeka maradufu katika uwanja wa wazi, sauti hupungua kwa desibeli sita hivi.

Funzo hapa ni kwamba mahali spika ilipo ni muhimu kuliko ukubwa wake. Ziinue spika juu ya stendi zipite vichwa vya walioketi mbele, la sivyo miili yao itaimeza sauti. Hema likiwa refu, ni afadhali kusogeza spika ndogo za ziada nyuma kuliko kuwapigia kelele wazee waliokaa safu ya kwanza. Pia usiisukume amplifaya hadi sauti ianze kukwaruza, kwa maana mkwaruzo huo ndio huunguza spika ndogo za sauti nyembamba.

Nyimbo nazo zipangwe kwa makundi. Mteja wa Kisumu atataka benga na ohangla, wa Nyeri mugithi, wa Kakamega isukuti, na wa Mombasa chakacha na taarab. Karibu wote watataka zilizopendwa, rumba ya Kongo na nyimbo za injili. Hifadhi nakala ya pili ya nyimbo zote katika diski nyingine, kwani kipakatalishi huweza kuzima bila kuaga.

Umeme na usalama

Umeme wa nyumbani nchini ni wa volti 240, na soketi ya kawaida hustahimili ampea 13. Kwa hivyo soketi moja haipaswi kubeba zaidi ya wati 3,120. Seti ndogo ya muziki haifikii kiwango hicho, ila hatari huzuka wapishi wanapochomeka birika na majiko ya umeme kwenye waya uo huo. Omba soketi ya peke yako, na uikague mapema.

Pasipo umeme, jenereta huhitajika. Jenereta iliyoandikwa kVA 2.5 hutoa takriban wati 2,000 za matumizi. Jumlisha mahitaji ya vyombo vyako vyote, taa zikiwemo, kisha uache angalau robo ya nguvu ya jenereta ikiwa akiba. Iweke mbali na hema na kamwe isiwashwe ndani ya chumba, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua. Usiongeze mafuta injini ikiwa moto. Waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote kabla ya kutumiwa, maana ukibaki umejikunja hupata joto na kuungua.

Dijei pia aangalie masikio yake. Wataalamu wa afya kazini hushauri kwamba sauti ya desibeli 85 isisikilizwe kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila inapoongezeka kwa desibeli tatu muda huo upunguzwe kwa nusu. Kwa kipimo hicho, muda salama katika desibeli 100 ni dakika 15 tu. Vizibo vya masikio ni vya bei rahisi, ilhali usikivu uliopotea haurudi.

Hesabu ya sherehe moja

Hapa ndipo biashara nyingi huzama. Tuchukue mfano wa dijei aliyenunua vyombo kwa Sh240,000 na anayetarajia vimhudumie kwa miaka minne. Tuseme anapata sherehe 40 kwa mwaka, na hutoza Sh15,000 kwa kila moja.

Siku ya kazi hulipa Sh4,000 za pikapu, Sh1,200 za mafuta ya jenereta, Sh3,000 za wasaidizi wawili na Sh500 za chakula na simu. Jumla ni Sh8,700. Mfukoni husalia Sh6,300, naye hulala akiamini kwamba hiyo ni faida.

Sivyo. Vyombo vya Sh240,000 vikigawanywa kwa sherehe 160 za miaka minne, kila sherehe hula Sh1,500 za vyombo hivyo. Akitenga Sh500 kwa kila sherehe kwa ajili ya ukarabati, na leseni zake za mwaka zikiwa Sh12,000, ambazo ni Sh300 kwa kila sherehe, gharama halisi hufika Sh11,000. Ujira wake wa kweli ni Sh4,000.

Tofauti ya Sh2,300 yaonekana ndogo. Lakini kwa sherehe 40 ni Sh92,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni Sh368,000. Ndani yake mna pesa za kununua seti mpya nzima, leseni zote na ukarabati wote. Anayezila fedha hizi kama faida hujikuta, vyombo vinapokufa, hana pa kuanzia, na hulazimika kukopa ili kununua upya kile alichokwisha kulipwa na wateja wake.

Kwa mintarafu hiyo, mpinzani wako akitoza Sh9,000 kwa kazi hiyo hiyo, usikimbilie kumwiga. Akilipa gharama za siku hubakiwa na Sh300, na ukihesabu uchakavu, ukarabati na leseni, amepoteza Sh2,000 huku akishangiliwa. Mwache. Ni heri Jumamosi moja ya kupumzika kuliko kulipa ili ufanye kazi.

Daftari la kazi hii si gumu. Kurasa mbili zatosha kwa kila sherehe: upande mmoja pesa zilizoingia, upande wa pili zilizotoka. Fedha za uchakavu na ukarabati zihamishwe siku iyo hiyo hadi akaunti tofauti, iwe ya benki, ya chama cha akiba na mikopo, au hata laini ya pili ya M-Pesa isiyotumiwa kununulia sukari na mkate.

Mkataba na arubuni

Biashara haigombi, lakini yafaa iandikwe. Mkataba wa ukurasa mmoja utaje tarehe na mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, malipo ya kila saa ya ziada, nani ataleta umeme, na nani atagharamia chombo kikivunjwa na mgeni au kunyeshewa kwa kukosa hema. Utaje pia kitakachofanyika sherehe ikiahirishwa.

Nusu ya malipo ilipwe wakati wa kuweka tarehe, kwa sababu tarehe ndiyo bidhaa unayouza. Desemba ina Jumamosi nne au tano tu. Ukimhifadhia mtu mojawapo bila arubuni, kisha akabadili nia wiki ya mwisho, umepoteza wateja wawili: yeye, na yule uliyemkataa kwa ajili yake. Salio lilipwe kabla ya keki kukatwa. Baada ya hapo kamati ya harusi hutawanyika, na mweka hazina huanza kuwa mteja wa simu.

Tahadhari hii inahitajika zaidi nyakati za kampeni. Kila baada ya miaka mitano, wawania viti hukodi vyombo vya muziki kwa wingi, na miongoni mwao wamo watakaoshindwa kura na kukata simu. Kwa mwanasiasa, lipwa kabla ya gari kuondoka.

Leseni, hakimiliki na kelele

Jina la biashara husajiliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia jukwaa la eCitizen. Mmiliki anahitaji pia nambari ya PIN ya mamlaka ya ushuru, KRA, na kibali cha biashara cha kaunti yake. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 iliweka ushuru wa asilimia 3 kwa biashara ndogo zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Ushuru huo hutozwa kwa mauzo, si kwa faida, hivyo anayeufikia auingize katika bei yake. Dijei wa mfano wetu, mwenye mauzo ya Sh600,000, hafikii kiwango hicho, ila bado anawajibika kuwasilisha ripoti ya mapato kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita.

Kuhusu muziki wenyewe, wengi hudhani kwamba aliyenunua wimbo ana ruhusa ya kuucheza popote. La hasha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kuununua ili kuusikiliza nyumbani ni jambo moja, na kuucheza hadharani kwa malipo ni jingine. Ada za kuucheza hadharani hulipwa kwa mashirika ya kukusanya mirabaha ambayo hupewa leseni na Bodi ya Hakimiliki nchini, KECOBO. Kwa kuwa leseni hizo ni za muda na mashirika yenye idhini hubadilika, muulize afisa wa KECOBO ni nani anayeruhusiwa kukusanya ada mwaka huo. Usimlipe mtu anayezuka sherehehani bila kitambulisho wala stakabadhi.

Kelele nazo zina sheria. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kikomo cha sauti ndani ya nyumba za makazi kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ikumbukwe kwamba mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia desibeli 60 hivi. Ni dhahiri basi kwamba muziki wa usiku mtaani hauwezi kupigwa pasipo kibali. Katiba ya mwaka wa 2010 iliwapa magavana na serikali zao za kaunti jukumu la kudhibiti kelele, na ni huko kibali kinakoombwa. Andika katika mkataba kwamba mwenye sherehe ndiye atakayekitafuta, kisha uitishe nakala yake kabla ya kupakia vyombo.

Mtego wa disko matanga

Kuna kazi ambayo dijei huitiwa na ambayo afadhali aikatae. Katika maeneo ya Magharibi, Nyanza na Pwani, muziki wa usiku kucha kwenye matanga umekuwa ukiandaliwa kwa kisingizio cha kuchangisha pesa za mazishi. Kwa miaka mingi maafisa wa utawala wameupiga marufuku mara kwa mara, wakiuhusisha na dhuluma dhidi ya watoto na mimba za wasichana wa shule. Maafisa wanapovamia hafla hizo, vyombo vya muziki hunaswa.

Malipo ya usiku mmoja hayalingani na seti nzima kuzuiliwa kituoni, wala hayalingani na fedheha ya kujulikana kama aliyepiga muziki usiku mtoto wa jirani alipoharibiwa maisha. Familia inayoomboleza yaweza kuhudumiwa mchana, kwa kipaza sauti cha ibada na nyimbo za faraja. Kazi ya namna hiyo huleta heshima, na heshima huleta harusi.

Mtaji na akiba

Kanuni njema ni kukodi kabla ya kununua. Anayekodi spika kwa sherehe tano au sita za kwanza atajua kama ana wateja, na atajua aina ya chombo kinachomfaa. Mikopo ya serikali ipo, lakini isomwe kwa makini. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa wa kati ya Sh500 na Sh50,000, na ulipaswa kulipwa ndani ya siku 14. Mkopo wa muda mfupi hivyo waweza kukidhi mafuta na usafiri wa sherehe yenye malipo ya hakika, lakini haufai kununulia spika itakayorejesha gharama yake kwa miaka. Kwa vyombo, akiba ya chama au mkopo wa miezi kadhaa ndio mwafaka. Hazina ya Vijana, iliyobuniwa mwaka wa 2006, ilikusudiwa biashara za aina hii.

Ukumbuke kwamba kazi hii ni ya misimu. Januari wazazi hulipa karo, na Kwaresima na Ramadhani hupunguza sherehe. Zaidi ya hayo, hakuna aliyeonja uchungu wa kukosa akiba kama dijei wa mwaka wa 2020. Machi mwaka huo mikusanyiko ilipigwa marufuku kwa sababu ya virusi vya corona, na kafyu ya usiku iliyofuata haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Katika kipindi hicho, aliyetenga fedha za uchakavu alikuwa na cha kushika. Aliyezila hakuwa na budi kuuza spika ili alipe kodi ya nyumba.

Tenga basi akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya nyumbani kabla ya kununua taa za rangi au spika ya pili. Ukishaifikisha, panua biashara kwa vitu vinavyokodiwa pamoja na muziki, kama vile viti, mahema na jenereta, ili hema moja likuletee mapato mara tatu.

Dijei hukumbukwa na wageni kwa wimbo wa mwisho aliopiga. Lakini kitakachoamua kama atarudi msimu ujao ni ukurasa alioandika usiku ule, kabla ya kulala, akihesabu kilichoingia na kilichotoka.